Kibarazani kwa Bi Ustawi: Gunia la Mchele na Nyumba ya Pili Kulia

Barua za mwezi huu zimenikuta kibarazani hapa Ngamiani, Tanga, sinia la mchele mapajani, nachambua chuya. Nimechagua tano, nyingine zitangoja. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni afisa ustawi wa jamii mstaafu. Kazi hiyo nimeifanya miaka 31, nikianzia Ngara na kumalizia Korogwe, na katikati nimehamishwa mara ambazo marehemu mume wangu aliacha kuzihesabu. Dawa sina, pesa sina, na mkuu wa wilaya hanijui. Ninachoweza ni kukuambia mlango gani ugonge, na ukifunguliwa useme nini.

*

“Shikamoo Bi Ustawi. Sisi ni wasichana tisa, tunafanya kazi ofisi moja hapa Dar es Salaam na tuna mchezo wetu wa upatu. Mwaka huu badala ya kwenda Zanzibar kutembea tumechanga 150,000 kila mmoja, tupeleke kituo cha watoto yatima mwezi wa Desemba: mchele, mafuta, sabuni na keki kubwa. Mwenzetu mmoja anadai uliwahi kuandika kwamba vituo havifai. Sasa tumegawanyika. Tupeleke au tusipeleke?” — Mweka hazina, Tabata

Marahaba wanangu. Hongereni kwanza, maana wasichana tisa wenye mishahara kukubaliana kuikosa Zanzibar si jambo dogo. Mwenzenu kakumbuka nusu. Nilichosema ni kwamba kituo kinatakiwa kiwe mlango wa mwisho kwa mtoto, na sisi tumekifanya wa kwanza.

Mkifika pale, kabla gunia halijashushwa, muulizeni msimamizi kwa upole: “Kati ya hawa, wangapi mama au baba yuko hai?” Neno YATIMA limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, lakini jibu mara nyingi litawashangaza. Huyu mama yake anachuuza samaki. Yule baba kaoa tena na nyumba mpya haikumtaka. Huyu miguu haina nguvu na nyumbani hakuna wa kumbeba hadi shule. Yule bibi yake alianza kupoteza macho. Watu wanao wote hao, ila watu wao wamezidiwa.

Nimekagua makao mengi katika kazi yangu. Kuna moja, silitaji, nililifikia Jumamosi ya mwisho ya Desemba. Stoo ilikuwa na keki kumi na moja; nilizihesabu mara mbili kwa kuwa sikuamini. Sabuni ya kufulia hamna, dawa ya homa hamna, na watoto walikuwa wamepangwa mstari kwa mara ya tatu tangu asubuhi wapigwe picha na wageni. Mvulana wa miaka kama minane aliponiona na faili langu akaniuliza, “Na nyie tuwaimbie?”

Somo lenyewe nilikuwa nimeshalipata zamani, Ngara, nikiwa na mwaka wa pili kazini. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia kwetu. Kambi ya Benaco iliota kama uyoga. Pakajengwa mahema ya watoto waliopotezana na wazazi wao, na katika mahema hayo uji ulikuwa mzito na blanketi hakuna aliyekosa. Ikawa ajabu: watu wanaovuka wanapungua, watoto wasio na wazazi wanaongezeka. Tukakuna vichwa. Mpaka nilipomtambua mama mmoja aliyekuwa akija kila jioni kusimama nje ya kamba, ana mtoto mchanga mgongoni, haombi kitu, hasemi kitu. Na kila akija, kulikuwa na mvulana wa ndani anayesogea karibu na kamba na kudondosha biskuti ya msaada chini, halafu anaondoka bila kugeuka. Alikuwa mwanawe. Alimfundisha mwenyewe aseme hana mama, apate kula.

Hatukumgombeza. Kilichohitajika kilikuwa blanketi moja na kumsahihishia kadi yake ya chakula isome watu watatu, kwani iliandikwa wawili. Usiku ule mvulana alilala na mama yake. Nimetumia miaka iliyobaki kuwaeleza wafadhili hesabu hiyo ya blanketi moja, na wengi walitaka kujenga jengo.

Wanyarwanda wenyewe wameshalivalia njuga. Mwaka 2013 walianza mpango waliouita Tubarerere mu Muryango, maana yake tuwalee katika familia, na vituo vyao vikaanza kufungwa kimoja kimoja huku watoto wakirudishwa kwa ndugu au kupelekwa familia nyingine. Kenya nao wana mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuelekea huko huko. Kwetu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na mtoto aingizwe kwa utaratibu wa ustawi, asiachwe tu getini na mjomba mwenye haraka. Tuna pia familia za kuaminika, zinazompokea mtoto kwa muda wakati ndugu zake wakitafutwa. Ni watu wa kawaida kabisa: fundi cherehani, mama lishe, mwalimu mstaafu. Hakuna anayewapelekea keki.

Sasa hela yenu, 1,350,000. Nendeni serikali ya mtaa wenu hapo hapo Tabata, muombe kumuona afisa ustawi wa kata. Semeni: tunataka kaya mbili au tatu ambazo watoto wako karibu kuondolewa nyumbani kwa sababu ya dhiki. Atakuwa nazo kichwani, hata daftari hatafungua. Pengine ni nyumba ya pili kulia ukitoka ofisini kwake. Hapo mtaji wa genge la nyanya, kodi ya miezi mitatu na viatu vya shule vinaweza kumzuia mtoto asipande gari la kwenda kituoni.

Na kama moyo wenu uko kituoni, nendeni tu, wale watoto wapo na wanakula kila siku. Ila ombeni kuona leseni. Ulizeni ni wangapi walirudi kwao mwaka uliopita. Kituo kizuri kitajibu kwa furaha, kibaya kitakuonyesha bweni jipya. Halafu peleka vitu visivyopigwa picha: sabuni, taulo za kike, na nauli. Ndiyo, nauli. Shangazi aliyeko Kilosa angekuja kumuona mtoto kila likizo kama angekuwa na nauli, na mtoto anayetembelewa ndiye anayerudi kwao. Keki moja ndogo haina ubaya. Kumi na moja ndizo zilizonishinda.

*

“Mwenzangu, nakusalimu. Nina wajukuu watatu hapa kijijini, Handeni. Mama yao alikwenda Dar kufanya kazi za ndani, huu mwaka wa pili hatumi kitu wala simu haipatikani. Wa mwisho ana miezi 14. Walipompima kwa ule utepe wa mkononi ikawa nyekundu, nikapewa pakiti za chakula dawa. Nakuandikia kwa aibu. Wale wakubwa wananililia na wao wapewe, na wiki iliyopita niliuza pakiti sita nikanunua unga. Mtoto hajaongezeka kilo. Nimwambieje nesi?” — Bibi wa watatu

Bibi mwenzangu, mwambie hivyo hivyo ulivyoniandikia. Nesi anayeona mtoto hapandi kilo na hajui pakiti zimekwenda wapi ataanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Ukimwambia umeuza, atajua tatizo ni sufuria. Aibu yako naielewa, lakini ulikuwa na midomo mitatu na unga umekwisha. Sijui ni nani angekuwa na haki ya kukunyooshea kidole.

Nikueleze ulichouza ni nini, maana huenda hukuelezwa. Ile pakiti inaonekana kama siagi ya karanga, na karanga zimo kweli, pamoja na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Ina gramu 92 na nguvu ya kalori 500. Aina hiyo ya chakula ilibuniwa na Wafaransa miaka ya 1990, na ilipunguza kazi kubwa sana, kwa sababu kabla yake mtoto kama wako alilazwa wodini wiki kadhaa akinyweshwa maziwa maalumu, na bibi yake anashinda kwenye benchi, shamba linaota majani. Sasa mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine anatibiwa akiwa nyumbani. Huko sokoni wanaiita chokoleti na wanawanunulia watoto wanene. Kwa mtoto wako ni dawa, na idadi umepangiwa kwa kilo zake; ukitoa mbili, ni kama umempa nusu ya dawa ya malaria.

Utepe nao: mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo hadi kabla ya 12.5 ni njano, kuanzia 12.5 ni kijani. Mkono wa wako kwa sasa una mzunguko mdogo kuliko hindi changa. Ndiyo maana nakuandikia kirefu.

Osha mikono yako na yake. Bonyeza pakiti vizuri kabla hujaifungua, mafuta yachanganyike, kata kona, aifyonze mwenyewe kidogo kidogo. Mpe maji safi ya kunywa pembeni, maana inatia kiu. Usiichanganye kwenye uji. Apate chakula dawa kwanza, uji wa nyumbani ufuate. Akikataa kula, akitapika, akipata homa, akiharisha, au ukibonyeza juu ya miguu yake yote miwili, upande usiokanyaga, kwa dole gumba pakabaki shimo, usingoje siku ya kliniki, mrudishe siku hiyo hiyo. Na akiharisha usimtengenezee maji ya chumvi na sukari kienyeji, mtoto wa hali hii vipimo vyake ni tofauti, waachie wao.

Wale wakubwa wawili, nitakupa ujanja niliofundishwa na mama mmoja wa Korogwe mwenye wajukuu watano. Usimlishe mdogo mbele yao wakiwa mikono mitupu. Waandalie hata kiazi kimoja kimoja, mkae pamoja, kisha yule mkubwa kabisa umpe cheo: yeye ndiye mtunza pakiti tupu, maana kliniki wanazitaka zirudi. Anazihesabu, anazifunga kwa kamba, siku ya kliniki anazibeba yeye. Mtoto mwenye cheo haibi mali anayoilinda. Kwa yule mama ilifanya kazi; kwa wengine haikufanya, sikufichi.

Ila kiazi kitoke wapi, ndipo penye swali. Nenda kwa mtendaji wa kijiji ukaulize habari za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji, majina yanasomwa watu wakisikia, kwa hiyo uwepo, na kama huwezi kusimama kusema, mtafute jirani mwenye mdomo akusemee. Bibi anayelea wajukuu bila msaada ni mtu wa kwanza kabisa kutajwa, lakini nimehudhuria mikutano ambayo bibi wa namna hiyo hakutajwa kwa kuwa siku ile alikuwa kisimani. Na ukiwa kwa mtendaji, ulizia cheti cha kuzaliwa cha huyo mdogo. Chini ya miaka mitano hakilipiwi, mpango huo wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ulianzia Mbeya 2013 na umezunguka mikoa mingi. Leo utaona ni karatasi tu, ila siku ya kumuandikisha shule utaikumbuka.

Niandikie akifika njano.

*

Barua inayofuata sikungoja toleo. Niliisoma saa tatu asubuhi, saa tatu na dakika kumi nilikuwa kwenye simu na aliyeiandika. Ninachochapisha ni kwa ruhusa yake, na nimebadilisha vitu mtoto asijulikane.

“Bi Ustawi, mimi ni mwalimu wa kiume, darasa la sita, Kanda ya Ziwa. Mwanafunzi wangu wa kike alianza kusinzia darasani. Nilipomuuliza, alilia, akasema kuna ndugu wa nyumbani anamwingilia usiku. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikamuahidi. Nimesikia ukoo umeshakaa na wanataka kumalizana kwa ng'ombe wawili. Mkuu wangu ananiambia nisiiletee shule kesi. Nifanye nini?”

Mwalimu, ile ahadi ilikuwa ya kibinadamu na huwezi kuitimiza. Rudi kwake leo, umwambie: “Nilikosea kusema sitamwambia mtu. Nitawaambia wale tu wanaoweza kukulinda, na nitakutajia ni nani.” Usimhoji tena habari yenyewe. Kila mtu mzima anayemrudisha kule anamuumiza upya, na maelezo yake yakirudiwa mara sita kwa watu sita, wakili wa upande wa pili atashukuru. Mwambie maneno matatu: nakuamini, hukukosa, umefanya vizuri kusema. Zungumza naye mahali mnapoonekana, mlango wazi, mwalimu wa kike akiwepo. Hiyo inamlinda yeye na inakulinda wewe.

Kisha piga 116. Ni simu ya huduma kwa mtoto, haikatwi salio, inapokelewa usiku na mchana. Na nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto, ukitaja jina hilo hilo, usiongee na askari wa kaunta mbele ya foleni. Watatoa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Lakini kama tukio la mwisho ni la jana au juzi, hospitali ianze: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina maana zikichelewa zaidi ya saa 72, na fomu isiwe sababu ya mtoto kukaa kwenye benchi. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki unaziozesha. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wanakutana chumba kimoja na mtoto haongei ila mara moja. Ulizia kama kipo karibu.

Kuhusu ng'ombe wawili: ubakaji wa mtoto hauna suluhu ya ukoo, ni jinai. Kinachonichosha ni kwamba mara nyingi ng'ombe wale hata mtoto hawamfikii. Wanaishia kwa babu yake, na mtoto anaendelea kulala nyumba ile ile na mtu yule yule. Utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009, matokeo yakatoka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wavulana mmoja katika kila saba. Hesabu madawati ya darasa lako. Mkuu wako anaogopa kesi moja, na kwa hesabu hiyo shule yake inazo nyingi, ila kesi nyingine hazijapata mwalimu wa kuuliza kwa nini mtu anasinzia.

Mwalimu huyu alikwenda. Mtoto hivi sasa yuko kwa shangazi yake upande wa mama, wilaya nyingine, na anasoma. Kesi iko mahakamani, kwa hiyo naishia hapo.

*

“Assalaam alaykum Bibi. Niko Maskati, mama yangu ni mtu wa Wete. Nimekusanya mabegi manane ya nguo na viatu vya watoto kwa ajili ya mayatima wa Pemba. Nipitishie wapi?” — Msomaji wa Maskati

Wa alaykumu salaam. Usipitishe. Kwa gharama ya kusafirisha mabegi manane unaweza kumlipa fundi wa hapo hapo Wete akashona sare ngapi sijui, suruali na mashati, kanzu na shungi nyeupe, zinazomkaa mtoto mwilini na anazoruhusiwa kuvaa shuleni. Nguo zako hata zikiwa nzuri, mtoto hawezi kwenda nazo darasani. Niliwahi kufungua marobota ya msaada kambini, jua la saa saba, tukakuta makoti ya theluji.

Mpigie ndugu yako aliyeko Wete amuone sheha. Sheha anajua nani kalala na njaa katika shehia yake kuliko sisi sote. Fundi apate kazi, mtoto apate sare, na wewe utumiwe risiti. Viatu vizima katika hayo mabegi wape majirani hapo Maskati.

*

“Shikamoo Bibi. Nina miaka 25, nimeajiriwa na shirika moja, niko kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Kazi yangu ni watoto waliotengana na familia zao, Wakongo na Warundi. Bosi wangu anataka picha za watoto kila wiki kwa ajili ya wafadhili na anasema wakiwa wanacheka ‘haziuzi’. Wiki iliyopita alinirudisha nikapige tena. Usiku silali. Nahisi mimi ndiye mwenye kosa, pengine sina moyo wa kazi hii.” — Binti wa Kasulu

Marahaba mwanangu. Moyo unao, ndiyo maana hulali. Nyarugusu ipo tangu 1996, ina umri kukuzidi, na haitamalizwa na wiki zako za kukesha. Tafuta mwenzako mmoja wa kusimulia naye kila jioni, robo saa, kisha mle. Mimi nilikuwa na Mhangaza mmoja, mwenyeji wa Ngara, tuliyefanya naye kazi Benaco, na bila yeye ningerudi Tanga kabla ya mwezi kwisha.

Huyo Mhangaza ndiye aliyenifumbua macho kwa habari ya Data. Tulikuwa na fomu za kutafuta wazazi: jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, kijiji. Nami Kinyarwanda sijui, mtoto wa Tanga wa watu. Namuuliza mtoto wa miaka minne kwa mkalimani wa kubahatisha, baba yako anaitwa nani? Anajibu, Data. Naandika: Data. Anayefuata: Data. Siku nzima. Jioni nikamwambia mwenzangu kwamba huko Rwanda jina la Data ni maarufu kweli. Alicheka hadi akakaa chini. Kwa Wanyarwanda, na kwa Warundi, data ni baba. Watoto walikuwa wakinijibu kwamba baba yangu anaitwa baba.

Ndipo akanifundisha kuuliza. Mtoto mdogo usimuulize jina la mtu mzima, hajui. Muulize mama akiwa na hasira anakuitaje. Muulize ng'ombe wenu ana rangi gani, nani anayelia usiku nyumba ya jirani, ukienda kuchota maji unapanda au unashuka, siku ya soko mnapita kanisani au hampiti. Mtoto mmoja alituambia nyumba yao ina mti ambao babu alianguka. Kwenye fomu hakuna nafasi ya mti. Tuliuandika nyuma ya karatasi. Wewe nawe andika nyuma ya karatasi, mwanangu, hata kama kompyuta yenu haina nyuma.

Sasa picha. Sisi pia tulizipiga, maelfu. Kila mtoto na kibao chenye namba kifuani, amesimama wima, uso umeoshwa. Hatukumtaka alie wala acheke, tulimtaka atambulike. Picha zilibandikwa kwenye mbao kambini na nyingine zikavuka mpaka, watu wakapita mstari mmoja mmoja, kidole kikitembea juu ya nyuso. Picha ile mwenye haja nayo alikuwa mtoto. Ya bosi wako mwenye haja nayo ni mtu mwingine, na mtoto ndiye anayelipa. Mwambie hivyo, ukimwita kwa heshima zote. Shirika lolote linalofanya kazi na watoto siku hizi lina sera ya ulinzi wa mtoto yenye saini, na wewe mwenyewe ulisaini siku ya kuajiriwa. Ichapishe, uipigie mstari palipoandikwa juu ya picha, uiweke mezani kwake. Akikurudisha tena, sera hiyo hiyo itakuwa na jina la mtu wa kumpelekea malalamiko. Pengine utapata shida kazini, sitakudanganya. Mfadhili akitaka kuona, piga mikono ikishona, piga viatu mlangoni, piga mgongo wa mtoto anayeandika ubaoni.

Niliwahi kusimama kando ya ubao ule mwanamke mmoja alipokuwa anapita. Alikuwa ameshapita ubao mzima mara mbili siku iliyotangulia. Alifika safu ya tatu kutoka chini, kidole kikasimama. Mimi nikajiandaa kumshika, maana wengi huanguka. Hakuanguka. Aliinama, akaisogelea picha ile mpaka pua ikakaribia kugusa, akasema neno kwa Mhangaza wangu, kwa ukali kidogo. Nikauliza, kasemaje?

“Anauliza ni nani aliyemnyoa mwanawe vibaya hivi.”